Moyo Hausukumi Lori

Baba yangu aliendesha malori kwa muda mrefu kuliko umri wangu, na muda huo wote hakuwahi kubishana na kibao cha barabarani. Kibao kikisema kona kali, alipunguza mwendo hata kama mbele aliona njia imenyooka kama uzi. Alisema aliyekiandika alishafika huko, akarudi kukuonya. Ndiyo maana lile bango la hospitali lilipompata, lilimpata kweli.

Lilibandikwa kwenye korido ya kliniki ya moyo, juu kabisa ya benchi la kusubiria. Lilikuwa na picha ya moyo mwekundu unaotabasamu na lori la bluu nyuma yake. JE, WAJUA? liliuliza, kisha likajijibu lenyewe: moyo wako huzalisha kila siku nishati ya kutosha kuendesha lori kilomita thelathini na mbili. Baba alilisoma. Akavaa miwani, akalisoma tena.

"Lori," aliniambia, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Tulikuwa pale kwa sababu alizirai bafuni akinyoa ndevu. Mama alimkuta sakafuni, shavu moja limenyolewa, jingine bado lina povu. Haikuwa mara ya kwanza, ila zile za nyuma baba alikuwa ameziita usingizi. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini na viatu vya raba, alitueleza bila kuzungukazunguka. Ndani ya moyo kuna njia ya umeme inayopeleka amri kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Njia hiyo kwa baba ilikuwa imekatika. Mapigo yake yalishuka hadi thelathini na kitu kwa dakika, na wakati mwingine yalisita kabisa, na hapo ndipo alipoanguka. Dawa yake ni kifaa kidogo kitakachowekwa chini ya ngozi karibu na bega, chenye waya unaoingia moyoni. Alitoa cha mfano kwenye droo, akamwekea baba kiganjani. Hakikuzidi kiberiti.

Baba aliuliza betri yake iko wapi. Daktari akasema imo humo humo ndani, na hukaa miaka kama kumi.

Baba alikigeuza upande huu na ule, akakirudisha mezani taratibu, akashukuru, akaomba udhuru. Tulimkuta kwenye korido amesimama chini ya bango.

"Betri ya lori langu mtu hainyanyui bila kuinama," alisema. "Na hiyo ni ya kuliwasha tu. Huyu binti anataka anivutie lori kwa betri ya saa."

Akacheka, akaelekea mlangoni. Mama alimfuata na mkoba. Mimi nilibaki, na daktari akaniambia lile ambalo hakulisema mbele yake: wataalamu wanaoweka vifaa hivyo huja mara chache, na nafasi ya baba ilikuwa Alhamisi. Asipofika, nafasi hiyo atapewa mwingine, na yeye atasubiri miezi. Aliponiambia miezi, alitazama chini. Hakuweza kuniahidi kwamba baba anayo.

*

Kwenye yadi ya malori walimwita Breki, kwa kuwa hakuwahi kugonga hata kuku. Nyumbani jina hilo lilimfaa zaidi: akishakanyaga, hasogei. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na kutangaza kwamba hataki kuchanwa kifua kwa ajili ya mchezo wa watoto. Alikuwa hawezi kufunga kamba za viatu bila kuona giza, lakini maneno hayakumpungukia. Mama alimbembeleza, akamnunia, akampikia, akamnyima sukari, akamrudishia sukari. Usiku alilala jicho moja, akisikiliza kama mwenzake bado anapumua, na asubuhi macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mgonjwa.

Mimi ni fundi wa pampu za maji, na stashahada yangu ni ya kazi hiyo hiyo. Pampu haina siri. Niambie inatoa maji kiasi gani na inayapandisha juu kiasi gani, nami nitakuambia inataka nguvu kiasi gani. Na moyo, ukiuvua mashairi yote tuliyouvisha, ni pampu. Nilikuwa nimemuuliza daktari: mtu akiwa amepumzika, moyo unatoa kama lita tano kwa dakika, na msukumo wake ungepandisha damu hadi usawa wa kifua changu nikiwa nimesimama. Basi.

Kwa hiyo nilijaza maji dumu la lita tano, nikaliweka katikati ya sebule. Nikalinyanyua hadi kifuani, nikalishusha. Nikasubiri. Dakika ilipotimia nikalinyanyua tena. Mama aliacha mwiko jikoni, akaja kusimama mlangoni.

"Hiyo ndiyo kazi yote?"

Nikamwambia ndiyo yote.

"Basi hata mimi ningeajiriwa kuwa moyo," alisema.

Baba alitazama dumu likipanda na kushuka. Alisema nifanye hivyo usiku na mchana kwa miaka sabini, bila likizo, bila kwenda chooni, halafu nije nimwambie kama hiyo si kazi ya lori. Nikamjibu kwamba mvumilivu si lazima awe na nguvu. Moyo wake ulitumia wati moja na ushee kusukuma damu. Taa ya ndani ya friji ingeudharau. Pampu ndogo kabisa ninayofunga kwenye nyumba za watu, ya nguvu ya nusu farasi, ingefanya kazi ya mioyo mia tatu, na hata hiyo pampu haivuti lori.

Hakunipinga. Alifanya lililo baya zaidi: alinihurumia. Alisema nimesoma vizuri, ila nimesoma maji. Ile ni damu. Na yale maneno hayakuandikwa na mtu wa mtaani, yameandikwa na hospitali, juu ya ukuta wake yenyewe.

"Ukuta hauna sababu ya kunidanganya," alisema.

Nililimwaga lile dumu kwenye maua ya mama na kwenda kazini nikiwa nimevimba kwa hasira.

*

Siku moja kabla ya Alhamisi nilikumbuka kwamba nilikuwa nazungumza lugha yangu, si yake.

Miaka yake ya mwisho kazini, baba hakuendesha. Alikuwa mkuu wa yadi, na kazi yake kubwa ilikuwa kukamata wezi wa dizeli. Lori likirudi, hakumsikiliza dereva. Alichukua ufito wake, akautumbukiza kwenye tangi, akautoa na kutazama umelowa hadi wapi. Kisha akatazama kilomita. Dereva aliyesema amefika mahali ambapo mafuta yake hayawezi kufika, alikuwa mwongo, hata angekuja na mashahidi na mhuri. Watu wazima wenye ndevu waliuogopa ule ufito kuliko polisi.

Alikuwa anakula kifungua kinywa, polepole, akipumzika kila baada ya tonge. Nikamuuliza lori tupu kwenye barabara nzuri, kilomita thelathini na mbili, linakunywa kiasi gani.

Hakufikiri hata kidogo. Alisema lita kumi. Dereva akija na tisa anampongeza, akija na kumi na mbili anamwita ofisini.

"Na wewe unakunywa kiasi gani?"

"Chai?"

"Mafuta, baba. Kwa siku nzima."

Alinitazama kama nimeanza kuumwa mimi. Nikaleta kutoka jikoni paketi ya unga, ya sukari na chupa ya mafuta ya kupikia. Nyuma ya kila kimoja pameandikwa kina nguvu kiasi gani. Watu hawasomi, wanatazama bei. Nikamhesabia kila anachokula tangu asubuhi hadi anapolala, pamoja na ile sukari ambayo mama hujifanya haoni. Nikamweleza kwamba mafuta ya kupikia na dizeli hayapishani sana kwa nguvu. Kisha nikachukua bilauri na kumimina mafuta, mama akilalamika nyuma yangu kwamba chupa ile ilikuwa ya wiki mbili.

Bilauri ilijaa. Nikaisukuma mbele yake.

"Hii ndiyo siku yako yote," nilisema. "Kutembea, kupumua, kuwaza, mwili kuwa na joto, kugombana na mama. Ukigeuza chakula chako chote kuwa mafuta, hupati zaidi ya hapa. Na moyo hauli peke yake humu. Fungu lake ni kama kijiko kimoja kikubwa."

Aliomba kijiko. Akakichovya mwenyewe, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, jicho moja limefumbwa, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi nilimwona mkuu wa yadi.

"Kijiko hiki," alisema, "kilomita thelathini na mbili."

"Ndivyo ukuta unavyosema."

Tone lilidondoka mezani, mama akalifuta.

"Huyo dereva ni mwizi," baba alisema.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mama akamshika bega kwa hofu, akamwambia acheke nusu, nusu aweke akiba. Alisema kijiko kile hakiwezi kulitoa lori hata getini. Alisema aliyeandika lile bango hajawahi kushika bomba la kujazia tangi tangu azaliwe. Nami nilicheka naye, kwa kuwa nilidhani nimeshinda.

Kisha akakifuta kijiko kwa kitambaa, akakilaza mezani.

"Sasa nimejua," alisema. "Hospitali inadanganya."

Nikamuuliza ana maana gani, ingawa nilikwisha kuelewa.

"Kama wanaweza kubandika uongo kama huu juu ya vichwa vya wagonjwa, mchana kweupe, nani ataniambia kwamba waliyosema kuhusu kile kiberiti ni kweli?"

Mama alikusanya vyombo. "Hongera, mwanangu," aliniambia bila kunitazama. "Umeubomoa ukuta, ukamwangukia daktari."

Ningeweza kumwambia kwamba daktari siye aliyeandika bango, lakini hilo hata yeye alilijua. Aliyedanganywa mara moja hasikilizi nani alidanganya. Anatazama mlango ambao uongo ulitokea. Nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu, na ni yeye aliyenifundisha. Pale yadini hakuna dereva aliyehukumiwa akiwa hayupo. Hata ufito ukimshtaki, aliitwa, akaulizwa uso kwa uso, akapewa nafasi ya kusema. Nikamkumbusha. Nikamwambia daktari hajaitwa.

Alikaa akilitafuna hilo. Kukataa kungekuwa kuivunja sheria yake mwenyewe, na baba angekubali kuzirai mara kumi kuliko kufanya hivyo. Alisema atakwenda Alhamisi, amuulize, arudi nyumbani. Akamkataza mama kufunga nguo za kulalia. Mama akaitika vizuri kabisa, akazifunga, akazitia kwenye sanduku langu la vifaa, ambalo huwa siliachi nyuma.

*

Daktari alitukuta kwenye korido akiwa tayari na mavazi ya chumba cha upasuaji, kwa kuwa angewasaidia wale wataalamu. Alimwamkia baba. Baba aliitikia, akashika mgongo wa benchi, kwa kuwa ngazi za mlangoni tu zilikuwa zimemmaliza. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Hakukaa.

"Binti yangu," alisema, akionyesha juu kwa kidevu, "umewahi kukisoma hiki kibao?"

Daktari aliinua macho. Alikisoma huku midomo yake ikicheza kidogo, na niliona kwamba alikuwa amepita chini yake kila asubuhi bila kufika mwisho wa sentensi. Niliomba kimyakimya. Kama angekitetea, baba angegeuka palepale. Kama angetucheka, angegeuka haraka zaidi.

"Sijui kilitoka wapi, mzee," alisema. "Hayo maneno nilishawahi kuyasikia nikiwa chuoni. Niliyapenda, sikuyapima."

"Ni kweli?"

"Sidhani. Lakini mimi nilifundishwa moyo, sikufundishwa malori. Kilomita hizo zinataka nini?"

Baba akamwambia. Lita kumi, bilauri, kijiko. Alimweleza kwa mpangilio, kama anavyoeleza mkuu wa yadi, na daktari alisikiliza kama anayepokea ripoti. Alipofika kwenye kijiko, daktari alikaa kwenye benchi na kucheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Kisha akavua viatu, akapanda juu ya benchi, akalibandua bango. Gundi ilikuwa kali. Lori lilichanika vipande viwili na gurudumu moja likabaki ukutani.

Baba hakutabasamu. Aliuliza, na kile kiberiti je.

Daktari alishuka, akasimama mbele yake miguu mitupu. Alisema atamwambia anachokijua, kisha asichokijua. Anachokijua: ameiona misuli ya moyo wa baba kwenye mashine, na ni mizima. Damu inasukumwa na misuli hiyo, si na kifaa. Kifaa kinatoa mshtuko mdogo sana, mtu hausikii, wa kuiambia misuli kwamba wakati wake umefika. Asichokijua: kama waya utakaa mahali pake siku za mwanzo. Kwa watu wachache huteleza. Ukiteleza, watamfungua tena na kuurudisha, na yeye hataficha.

"Kwa hiyo hakisukumi," baba alisema.

"Hakisukumi hata tone."

Baba alitazama mikono yake juu ya mgongo wa benchi. Mama aliacha kuchezea kamba ya mkoba. Nilisikia kitoroli kikipita mahali fulani nyuma yetu, gurudumu moja likilia.

"Ni utingo," baba alisema.

Daktari hakuelewa, na baba, aliyekuwa hana pumzi ya kupanda ngazi, akapata pumzi ya kumweleza. Utingo ni yule kijana wa nyuma ya lori. Mzigo ukishafungwa na njia ikiwa wazi, anapiga bodi kwa kiganja, mara mbili, dereva anaondoka. Nguvu ya kulisogeza lori hana, hata inchi. Lakini asipopiga, lori litasimama pale hadi jioni, injini inanguruma, tangi limejaa, na hakuna kibaya chochote isipokuwa hakuna aliyesema twende.

"Mimi nilidhani unanibadilishia injini," alisema, na sauti yake ilipungua. "Kumbe injini ninayo."

"Unayo, mzee. Nzima."

Akakaa, hatimaye. Aliweka kiganja kifuani, si kwa maumivu, kama mtu anayepapasa mfuko akakuta funguo zilikuwa humo tangu asubuhi. Kisha akasema kuna tatizo moja, hakuja na nguo za kulalia.

Mama alinitazama. Nilifungua sanduku, nikazitoa kati ya spana na utepe wa mabomba, zikinuka grisi. Baba alituangalia mmoja baada ya mwingine.

"Ningewafukuza kazi wote wawili," alisema, akazipokea.

*

Kesho yake mchana nilimkuta ameketi kitandani, mkono wa kushoto umefungwa kwenye kitambaa cha shingoni ili asiunyanyue. Midomo yake ilikuwa imerudi kuwa midomo. Kwenye mashine pembeni namba ilikuwa sitini, ikakaa hapo hapo, sitini, bila kuyumba, mpaka nikachoka kuitazama. Mama alikuwa kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukuta, kinywa wazi, amelala usingizi wa mtu aliyeudai kwa muda mrefu.

Kwenye kitanda cha pili alikuwepo fundi cherehani, mwembamba, mkubwa kwa umri kuliko baba kidogo, ambaye zamu yake ya kuwekewa kifaa ilikuwa alasiri ile. Alikuwa ameshika shuka kwa mikono miwili. Baba alikuwa amekwisha kumweleza habari ya utingo na sasa alikuwa ameingia kwenye betri.

"Hii inakwenda miaka ishirini na tano," alikuwa anasema.

"Kumi, baba."

"Kumi ni kwa watu wasiojua kutunza gari."

Fundi cherehani alicheka kidogo, na mkono mmoja ukaachia shuka. Akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini ya mtu anayetaka bei ya kweli, aamini lipi. Nikamwambia la utingo ni kweli kabisa. La miaka akate zaidi ya nusu. Baba alinung'unika kwamba watoto wa siku hizi ukiwasomesha wanakupunguzia umri.

Wauguzi walipokuja na kitanda cha magurudumu, yule mzee alipanda mwenyewe, akajifunika vizuri, kisha akageuza shingo kututazama. Baba akateremsha miguu sakafuni. Muuguzi alitaka kumzuia, akamtazama usoni, akaitazama mashine, akamchomoa nyaya zake, akamwambia hadi mlangoni tu.

Baba akamsindikiza yule mzee. Alitembea kando ya kile kitanda wodi nzima, mkono wake mzima juu ya chuma cha pembeni, bila kusimama kutafuta pumzi, akimweleza mwenzake jinsi daktari alivyopanda juu ya benchi bila viatu. Mama hakuamka.